Imefunguliwa, Baba

Wiki iliyopita intaneti ya nyumbani kwetu Chukwani ilikatika tangu asubuhi, nami nikapiga simu kwa hao waliotuwekea. Nilipigiwa muziki mpaka sikio likatoka jasho. Hatimaye akapokea dada mmoja mwenye sauti laini, akaanza kunisomea maswali. Nasema kunisomea kwa sababu hakuna binadamu anayezungumza vile.

"Mpendwa mteja, je, kiunganishi cha nyuzi za mwanga kimechomekwa ipasavyo?"

Nikamwambia sikijui hicho kiunganishi. Ninachokiona ni kiwaya chembamba cha manjano kilichoingia kwenye kiboksi, na kiboksi chenyewe kinawaka taa nyekundu.

"Je, kifaa kimefunguliwa?"

Kimefunguliwa vipi? Kimewashwa, au kimevuliwa mfuniko? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akanisomea swali lilelile upya, polepole zaidi, kama anayesema na mgonjwa. Nikaikata simu, nikakaa kwenye ngazi nimefura, mtu mzima mie, mama wa watoto wawili, kwa sababu ya neno moja. Lakini neno hilo lilishatuletea msiba nyumbani kwetu, na kila ninapolisikia kutoka kwenye kinywa cha mtu anayejiona anasema Kiswahili safi, ghadhabu yangu ya utotoni hunipanda upya.

Tulikuwa tunakaa Mkunazini, katika nyumba ya ghorofa moja aliyotuachia bibi, ya mawe na chokaa, yenye kuta nene kiasi kwamba mtu akiita kutoka chumba cha juu, aliye chini husikia nusu na nusu nyingine hukisia. Baba alikuwa mwalimu wa umeme katika skuli ya ufundi. Mwaka niliokuwa darasa la tatu, ofisi moja ilimwomba aandike orodha ya maneno ya Kiswahili ya kufundishia umeme pamoja na hizi nyaya mpya za mawasiliano, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinafukiwa barabarani. Akanunua daftari kubwa la jalada jeusi, akalipigia mistari kwa rula, na tangu siku hiyo hatukupata raha.

Baba hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, mtu ungejua pa kujifichia. Yeye alikuwa anasahihisha. Waya kwake ukawa kipitishi. Ile plastiki iliyouvika waya ikawa kihami. Mama alikuwa mshoni, na cherehani yake ya umeme ilikuwa na waya uliochubuka. Siku moja aliniona nimekaribia, akapiga kelele, "Rukia, usishike huo waya, uko uchi!" Sauti ya Baba ikatoka chumbani, tulivu kabisa: "Kipitishi kisicho na kihami."

"Mtoto atakuwa keshashika na keshakufa," Mama akamjibu, "wewe hujamaliza kutamka."

Na lililokuwa likinichosha mimi zaidi ni kwamba Baba alikuwa anasahihisha neno tu. Kama hukuelewa kitu chenyewe, utajijua. Siku hizo mji mzima ulikuwa unazungumza habari za waya mkubwa wa intaneti: mkongo unakuja, mkongo unapita chini ya bahari, mkongo ushafika. Mimi nilimjua Mkongo mmoja tu, kinyozi mrefu wa karibu na soko, mtu wa Kongo kwelikweli, mpole, aliyekuwa akinipa peremende. Nikawaza huyo mwenziwe anayepitishwa chini ya bahari amefanya kosa gani. Nikamfuata Baba mezani kwake.

"Baba, huyo Mkongo, kule chini ya bahari anapumuaje?"

"Unapumuaje," akasema bila ya kuinua kichwa. "Mkongo huu si mtu. Unapumuaje."

Akarudi kwenye daftari lake. Mimi nikaondoka na jibu kwamba si mtu, lakini unapumua. Kwa miezi kadhaa nilipokuwa nikipita kwenye mitaro iliyochimbwa kando ya barabara, nikiona lile bomba jeusi limelala humo ndani, nilikuwa naruka upande wa pili na kukimbia. Hakuna aliyenieleza. Niliposimulia hadithi hii ukubwani watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi hucheka nao, lakini wakati ule sikuwa nacheka.

Aliyesahihishwa kuliko sote ni Ami Seif, mdogo wake Baba. Ami alikuwa fundi umeme wa mitaani, anakaa Jang'ombe, na hakuwahi kuingia darasa lolote la ufundi. Kazi aliijua kwa mikono. Alikuwa anaweza kupapasa ukuta mkavu akakwambia waya umepita wapi. Maneno yake yalikuwa ni ya mafundi wote: moto, nyutro, leta, kata. Baba hakuweza kuyavumilia. Akimsikia Ami anamwambia mwenye nyumba "moto umepotea huku," basi Baba atakohoa na kusema, "Mkondo, Seif. Moto ni wa jikoni." Mbele ya mwenye nyumba. Mbele ya mkewe Ami. Mbele yetu sisi watoto.

"Naam, kaka," Ami alikuwa akijibu. Siku zote naam, kaka.

Wakati huo Ami alikuwa na furaha yake kubwa. Watu waliokuwa wakipitisha faiba, hizo nyaya mpya za mawasiliano, walimuona akifanya kazi, wakamchagua aende kujifunza kuunga. Alituonyesha kipande walichompa, uzi wa kioo mwembamba kama unywele, akaushika kwa ncha za vidole viwili, mkono umetulia kama jiwe. "Kazi hii," alimwambia Mama, "haitaki nguvu wala elimu nyingi. Inataka vidole visivyotetemeka." Mafunzo yalikuwa yaanze baada ya wiki tatu.

Kabla ya kuondoka akataka kwanza amalizie umeme wa chumba chetu cha juu. Nyaya za mle ndani zilikuwa za zamani sana, mpira wake umekauka na unapukutika ukiugusa, na cherehani ya Mama ilikuwa imesimama siku nne. Mama alikuwa na nguo za harusi za watu na hasira zake mwenyewe. Basi Ami akaja Jumamosi asubuhi na ngazi yake, akaanza kazi, na Baba akawa anamsaidia, yaani akisimama chini ya ngazi na kumwambia kila kitu kinaitwaje.

Mchana tulikaa kula, wali na mchuzi wa changu. Baba alikuwa amechangamka. Usiku uliopita alikuwa ameamua jambo katika daftari lake na alitaka tulijaribu.

"Saketi," alisema, akichora duara kwa kidole juu ya mkeka, "ni kama pete. Pete ikiwa imefungika, mkondo unazunguka, taa inawaka. Ukiifungua pete, mkondo hauna pa kupita, taa inazimika. Kwa hiyo, kufunga saketi ni kuwasha. Kufungua ni kuzima. Kuanzia leo humu ndani tutasema hivyo. Umefahamu, Rukia?"

Televisheni ya jirani ilikuwa inaonekana kwenye dirisha la mkabala, kichochoro chetu kilikuwa chembamba kiasi hicho, na ilikuwa saa ya katuni. Niliona mdomo wa Baba unakwenda. Nilisikia pete, nikasikia jina langu.

"Naam, Baba," nikasema.

Ami Seif alikuwa anatoa mwiba wa samaki mdomoni. Mama alisema, "Kufungua ni kuzima? Mimi nikisema fungua feni, watu watoe jasho?" Baba akamwambia atazoea. Mama akainua sahani, akaenda zake kuziosha kwa kishindo.

Lazima niseme hapa, kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu, kwamba kwa watu wa mtaani kwetu redio inafunguliwa, feni inafunguliwa, taa inafunguliwa. Ukisema fungua, kitu kinaanza kufanya kazi. Hata mtoto wa miaka miwili analijua hilo. Baba naye alilelewa humo humo Mkunazini na alilijua. Ila alikuwa ameshaamua.

Baada ya kula, Baba alinichukua chini, kwenye ukumbi wa mlangoni, mahali ilipokuwa meni swichi, swichi kubwa ya nyumba nzima, sanduku la chuma lenye mkono mwekundu ubavuni. Aliunyanyua mkono juu mwenyewe, taa ndogo ya ukumbini ikawaka. "Kaa hapa," akaniambia. "Nikikuita, ufanye nitakalokwambia." Akapanda juu kuangalia kama taa mpya ya chumbani imewaka.

Nilikaa pale chini na sikupenda. Palikuwa na joto na harufu ya chokaa mbichi iliyodondoka kutoka kuta, na katuni zilikuwa zinakwisha bila yangu. Baadaye nilikuja kuambiwa yaliyopita kule juu: taa iliwaka kidogo, ikapepesa, ikazimika yenyewe. Ami akajua kuna kiungo kilicholegea kwenye dari. Akapanda ngazi akikaze.

"Rukia!" Sauti ya Baba ilishuka na ngazi.

"Naam!"

"Fungua!"

Nikautazama mkono mwekundu. Ulikuwa juu. Nikaitazama taa ya ukumbini. Ilikuwa inawaka. Si alifungua mwenyewe sasa hivi? Watu wazima hawajui wanalotaka, nikawaza, na nilikuwa nimekasirika kweli.

"Imefunguliwa, Baba!"

"Una hakika?"

"Naam! Imefunguliwa!"

Nikamsikia akisema, si kwangu, "Salama. Endelea."

Sikusikia yowe. Nilisikia kitu kama mtu anaguna mara moja, kisha ngazi ikaanguka, kisha kitu kizito kikaanguka juu ya ngazi. Kisha Mama, aliyekuwa akipanda na ndoo ya maji, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena: "Zima! Rukia, zima! Zima, zima!"

Nikauvuta mkono mwekundu chini kwa nguvu zangu zote. Neno hilo sikuhitaji kufundishwa.

Ami Seif hakufa. Nasema mapema kwa sababu mimi pale chini kwa muda mrefu hakuna aliyeniambia, na sitaki mtu mwingine akae na hali ile. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika alipoanguka, na ncha za kidole gumba na cha shahada ziliungua, nyeupe pembeni na nyeusi katikati. Baba na majirani wawili walimshusha, wakampeleka hospitali. Alipopita mbele yangu alikuwa ameng'ata kofia yake kwa meno. Ile harufu iliyobaki nyuma yake, mpira na nyama, Mama aliifukizia ubani siku tatu.

Mafunzo yalianza bila ya Ami. Nafasi yake akapewa mtu mwingine.

Baba alisema mbele ya kila mtu kwamba kosa ni lake. Alilisema hospitali, alilisema kwa mkewe Ami, alilisema kwa wazee waliokuja kuuliza hali. "Nilitumia neno lisilo lake mahali pa hatari." Mama hakumpunguzia. "Nilisema mimi! Maneno yako yatatuua, nilisema!" Daftari jeusi likapandishwa juu ya kabati. Nyumbani tukawa tunasema waya, tunasema moto, tunasema lolote tulitakalo, na hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nimeomba siku nyingi apate kutuachia, na alipotuachia nikawa sitaki hata kumtazama usoni, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kwamba nilielezwa wakati wa chakula, nikasema naam, na sikuwa nimesikiliza hata neno.

Ami naye hakuja kwetu tena. Wiki zikapita. Mama akawa kila Ijumaa ananituma Jang'ombe na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa, nami nalikabidhi kwa mkewe mlangoni na kukimbia. Ijumaa ya nne au ya tano mkewe hakuwapo. Ami mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kibaraza, mkono umo ndani ya plasta, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anajaribu kuokota punje za mchele sakafuni, moja moja, na kuziweka kwenye kisahani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Njoo ukae, mbona unakimbia kila siku kama umeiba?"

Nikaanza kulia pale pale. Nikamwambia yote, katuni, pete, naam. Nikamwambia Baba hana kosa, nilielezwa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza sikuona huruma usoni mwake wala hasira ya kunikasirikia mimi. Niliona mtu aliyechoka kabisa.

"Kwani mimi sikuelezwa?" akasema. "Si nilikuwa nakula na nyinyi?"

Akasimama, akachukua kofia yake. "Twende."

Tulikwenda kwa miguu kutoka Jang'ombe mpaka Mkunazini, jua la alasiri usoni, yeye mbele na mimi nyuma na bakuli langu la chakula, hatukukumbuka hata kuliacha. Tuliingia, akapanda juu moja kwa moja. Baba alikuwa sebuleni anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Akainuka upesi, akataka kumpa mkono, akaiona plasta, akabaki mkono umening'inia.

"Kaka," Ami akasema kabla hajakaa, "mimi nilijua huenda moto upo."

Baba hakusema mkondo. "Ulijua?"

"Mtoto kasema imefunguliwa. Kwa kinywa cha mtoto, imefunguliwa ni moto upo. Kwa kinywa chako, haupo. Sikujua kasema kwa lugha ya nani. Nikakutazama wewe, wewe ukasema salama."

"Na testa yako ya kupimia?"

"Mfukoni."

"Kwa nini hukuitoa? Kwa nini hukuniuliza, Seif, yakhe, kwa nini hukuniuliza tu?"

"Ningeuliza kwa neno gani?" Ami Seif alipaza sauti, mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia. "Kila ninalofungulia mdomo unanambia si hilo! Miaka yote! Mke wangu anasikia, watu ninaowafanyia kazi wanasikia. Nikitoa testa, nimekwambia mbele ya mkeo kwamba siliamini neno lako. Nikiuliza moto upo, utanambia moto ni wa jikoni. Nshachoka kusahihishwa, kaka. Siku ile nilichoka, nikashika."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

Mimi nikaona nikinyamaza sasa sitasema tena. "Na mimi sikusikiliza, Baba. Nilikuwa naangalia katuni. Nilisema naam tu."

Baba alikaa chini. Alivua miwani, akajisugua macho kwa viganja kwa muda mrefu, nikadhani analia, lakini alipoondoa mikono macho yalikuwa makavu.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuona unatazama dirishani. Nikasema moyoni, atazoea."

Mpaka leo likinijia hilo napandwa na hasira upya. Baba alijua sikusikiliza. Ami alijua huenda moto upo. Mimi nilijua kuna kitu hakikai sawa, swichi iko juu na mtu anataka ifunguliwe. Watu watatu nyumba moja, kila mmoja na shaka yake, na hakuna hata mmoja aliyesema sijafahamu. Nimewahi kumkasirikia Baba kwa hilo, nikamkasirikia Ami, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe, mtoto wa darasa la tatu niliyekuwa na haraka ya kwenda kwenye katuni.

Mama akaingia. Aliweka sinia chini, akaburura kiti mpaka kwenye kabati, akapanda, akalishusha daftari jeusi na kulitupa mezani vumbi likaruka. "Limalizeni," akasema. "Wawili. Na cherehani yangu haijaunganishwa bado."

Wakakaa. Mwanzo walikuwa kama wageni. Baba alisoma neno, Ami akasema mafundi wanasemaje, Baba akaliandika pembeni bila ya kubishana, kwa upole mwingi mpaka mtu ukaona haya kuwasikiliza. Walipofika kwenye fungua, Baba akauliza angeandika nini. "Nisingeandika," Ami akasema. "Ningesema zima." Baba akapiga mstari juu ya fungua, akaandika zima. Chai ikapoa. Adhana ya magharibi ikapita, wakaswali, wakarudi mezani.

Mimi nilikuwa nimekaa ngazini, kichwa ukutani. Baba alikuwa ameingia kurasa za zile nyaya mpya za kioo, akasoma kwa sauti alivyoeleza namna ya kuziunga: vipande viwili vinasokotwa pamoja kisha vinafungwa.

"Hapo umekosea, kaka," Ami akasema.

Mama aliacha kukuna nazi kule chini. Nilijua kwa sababu ile sauti ya mbuzi ilikatika ghafla. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyepata kumwambia Baba maneno hayo. Nilichungulia. Baba alikuwa ameinua kalamu, anamtazama mdogo wake juu ya miwani.

"Faiba haisokotwi," Ami akaendelea, bila ya kuishusha sauti. "Ukiisokota inavunjika. Niliwaona wanaozipitisha kule Kidichi. Wanazikutanisha ncha, kisha wanaziyeyusha zikawa uzi mmoja. Huwezi kujua ziliungwa wapi."

Baba akaligeuza daftari likamwelekea Ami Seif, na akaisogeza kalamu upande wa mkono wake wa kushoto.

"Nionyeshe," akasema. "Hiyo mimi siijui."